Suluhu ya Mwani

Bi Zuweina binti Sleiman hajawahi kufungua ofisi, lakini kazi yake kila mtu wa upande wetu wa Chokocho anaijua. Anapatanisha. Ndugu wawili wakishikana mashati kwa ajili ya mikarafuu ya urithi, huitwa yeye. Mke akirudi kwao na sanduku lake, mume hujikuta amekaa kibarazani kwa Bi Zuweina na kikombe cha kahawa mkononi, na hajui amefikaje hapo. Hapokei chochote kwa kazi hiyo. Anachopenda ni kuitwa, na ukitokea ugomvi wa maana asiitwe, hununa mpaka wenyewe waje kumwomba radhi.

Babu yake alikuwa na mashamba makubwa ya karafuu, enzi ambazo ukoo wao ulikuwa ukitajwa kutoka Mkoani mpaka Wete. Yeye kilichomfikia ni jina, mikarafuu michache iliyozeeka na tabia ya kutaka kusikilizwa. Mkono unaenda kinywani kwa mwani. Maji yakitoka wakati wa bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, anafunga kanga kiunoni na kushuka nayo pwani sawasawa na wanawake wengine, anafunga miche kwenye kamba, anavuna iliyokomaa, anaianika kwenye chanja nyuma ya nyumba.

Namna yake ya kupatanisha ni moja, na haibadilishi. Wagomvi wanakula sinia moja. Halua inafuata, na kahawa. Kila mmoja anasema lililomchoma, ila bei ya kitu haitajwi. Ukianza kueleza mti fulani ulizaa pishi ngapi, Bi Zuweina anakunyamazisha, maana anaamini ugomvi ukishaingia kwenye hesabu hautoki tena. Halafu mnakwenda shambani, anasimama baina yenu na kuonesha kwa mkono: wewe kuanzia hapa, mwenzako kuanzia pale, na asivuke mtu. Mnaporudi, inasomwa Fatiha. Mipaka aliyoiweka yeye imesimama muda mrefu kuliko mingine iliyopigwa mihuri, na hilo nalisema bila kumbembeleza.

Kwa miaka mingi mwani wetu ulikuwa na mnunuzi mmoja, kampuni iitwayo Zumaridi, ambayo pwani tunaiita Buluu kwa sababu ya kamba zake. Buluu ilikupa kamba na vijiti bure, na desturi ilikuwa kwamba mwani uliomea kwenye kamba ya mtu ni wa mtu huyo kununua. Bei aliitaja yeye. Mwaka akiamua imeshuka, imeshuka. Wakala wake, Hudhaifa, kijana wa Wete mwenye maneno mengi na viatu visivyoingia mchanga, alikuwa na sababu tayari kila msimu: soko la Ulaya, mvua, chumvi, hata uchaguzi wa nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jamaa huko.

Ndipo ikaja kampuni ya pili, Neema ya Bahari, na kamba zake za kijani. Wakala wao aliitwa Ezekieli, mtu wa bara, mkimya, aliyepanga chumba karibu na skuli na kujifunza kuamkia watu vizuri kuliko vijana wetu wenyewe. Kijani walileta maturubai mapya na bei ya juu. Buluu wakapandisha. Kijani nao wakapandisha tena. Kwa mara ya kwanza nilimwona Hudhaifa akimbebea bibi mmoja kiroba cha mwani kutoka pwani mpaka ghalani, akitokwa jasho na kucheka.

Aliyefaidika hasa na msimu ule ni Safaa, binti wa kaka yake Bi Zuweina. Safaa aliachika, akarudi na wanawe wawili nyumbani kwa kaka yake, akapewa chumba ambacho nusu yake ilikuwa stoo ya nazi. Wifi yake hakuwa mtu mbaya, ila kila akipika alikuwa akihesabu vijiko kwa sauti. Safaa aliapa atajenga chumba chake mwenyewe, na bei zilipopanda alianza kweli. Kiwanja alipewa na shangazi yake. Kila bamvua ikipita aliongeza matofali, na kuta zikafika kwenye madirisha. Jioni alikuwa akienda kukaa ndani ya zile kuta, juu hamna kitu, anakunywa chai yake hapo na wanawe.

Lakini kampuni mbili kwenye pwani moja hazikai kimya. Ulienea uvumi kwamba Kijani hawana hata kontena, kwamba watakusanya mwani wa watu na kutokomea. Mwingine ukaenea kwamba mizani ya Buluu imetiwa kitu chini. Asubuhi moja maji yalipotoka, kamba za kijani zilikutwa zimekatwa, mwani unaelea. Baada ya siku chache zikakatwa za buluu. Aliyekata hakujulikana, ingawa kila upande ulikuwa na jina mdomoni. Na sisi wenyewe hatukuwa malaika: wapo waliovuna kwenye kamba ya buluu na kwenda kuuza kwa Kijani kwa njia ya mikokoni, kanga imevutwa mpaka puani, kana kwamba Hudhaifa hawajui kwa mwendo.

Mwisho Hudhaifa alimkuta mwanamke mmoja mlangoni kwa Ezekieli na kiroba kichwani. Alikivuta. Kiroba kikapasuka, mwani ukamwagika mchangani, na waume wa pande mbili wakafika. Hakuumia mtu, ila tangu siku hiyo watu wa Buluu na watu wa Kijani waliacha kusalimiana. Ilifika harusi ikawa na majiko mawili. Hilo la majiko ndilo lililomtoa Bi Zuweina kwake.

Alikwenda kwa Hudhaifa kwanza, kisha kwa Ezekieli. Akawaambia wawaite wakubwa wao kutoka mjini Chake. "Nyinyi ni mawakala," alisema. "Mie sipatanishi watumwa, napatanisha wenye mali."

Wakubwa walikuja, tena upesi kuliko tulivyotarajia. Wa Buluu alikuwa Bwana Fahd, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na sauti ya taratibu. Wa Kijani alikuwa Bwana Silvesta, mnene, mcheshi, aliyesifu kila kitu alichokiona pamoja na kisima. Walikaa sinia moja, kwenye mkeka mmoja, mbele ya Shehe Abdulsamad, imamu wetu, na wazee wa mtaa. Wanawake walikuwa jikoni wakipakua. Mimi nilikula pilau ile, na ilikuwa nzuri.

Bwana Fahd alikiri kwamba vijana wake walivuka adabu. Bwana Silvesta alikiri kwamba wa kwake nao waliteleza. Walisema maneno mazuri kuhusu maadili ya biashara na ushindani wa haki, mpaka mzee mmoja akajifuta macho. Kisha Bi Zuweina akawachukua wote mpaka pwani, akasimama kwenye mkono wa bahari unaoingia mikokoni na kuigawa pwani yetu nusu kwa nusu, akanyoosha mkono.

"Bwana Fahd, wako ni upande huu wa juu, mpaka Chokocho. Bwana Silvesta, wako ule wa chini. Wanawake wa juu wamuuzie wa juu, wa chini wamuuzie wa chini. Asivuke ntu, asikate ntu kamba ya mwenzake, asiseme ntu ubaya wa mwenzake."

Wakubwa wale walitazamana. Nilikuwa karibu, na ninachokumbuka ni kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini yeye kapewa upande huo na si ule. Katika mipaka yote ya Bi Zuweina, huo ulikuwa wa kwanza kukubaliwa bila kelele.

Aliyeuliza ni Ezekieli. "Shikamoo bibi, samahani. Na bei je? Tumeelewanaje?"

Bi Zuweina alimgeukia kama anavyomgeukia mtoto aliyeomba maji katikati ya dua. "Mwanangu, kwenye suluhu haitajwi bei. Usituharibie kheri yetu."

Bwana Silvesta akacheka na kumpiga Ezekieli begani. Fatiha ikasomwa. Picha zikapigwa, na Bi Zuweina akawekwa katikati. Baadaye tuliiona ile picha kwenye simu, kwenye ukurasa wa kampuni, na maelezo kwamba amani imerejea mashinani.

Amani kweli ilirejea. Watu walisalimiana, kamba hazikukatwa tena, jiko la harusi likawa moja. Bi Zuweina alitembea wiki ile mtandio ukiwa begani badala ya kichwani, jambo ambalo hulifanya akiwa amefurahi kupita kiasi.

Bamvua ilipofika, wanawake wa juu wakapeleka mwani kwa Hudhaifa, naye akawatajia bei iliyokuwapo kabla ya Kijani kuja. Wengine walidhani anatania. Wakati huohuo, upande wa chini, Ezekieli alikuwa akitaja bei hiyohiyo huku akitazama mizani. Hudhaifa alirudi kwenye sababu zake za zamani: soko la Ulaya, chumvi. Kiroba cha Safaa alikishika, akakivunjavunja kidogo kwa vidole na kusema ni daraja la pili. Hakuwa amembebea mtu kiroba siku hiyo.

Safaa hakubishana. Alikitwika kiroba chake, akavuka mikoko na kwenda kwa Ezekieli. Ezekieli hakufungua mlango wa ghala. Walisemezana nje, na Safaa akarudi na mzigo uleule kichwani mpaka kwa shangazi yake.

"Kasema hawezi kunipimia," alimwambia. "Kasema mie ni wa juu."

"Hajakufahamu yule," alisema Bi Zuweina. "Maneno ya bara na ya kwetu hayalingani. Lete huo mwani, nnakwenda mwenyewe."

Akenda mwenyewe, na kiroba cha Safaa kichwani, katika umri ule. Ezekieli alimwona kwa mbali na kutoka kumpokea mzigo, akauweka chini kwa heshima, akamletea kiti na maji. Lakini mizani hakuigusa.

"Bibi, naomba unisamehe. Nimeambiwa nikipima mwani wa upande wa juu, kazi sina."

"Na nani?"

"Na bosi. Kasema tumesomewa Fatiha. Ulisema mwenyewe bibi, asivuke mtu."

Hakusema kwa kejeli, na nadhani hilo ndilo lililomkata Bi Zuweina zaidi. Alikunywa maji yote, akashukuru, akaomba atwikwe. Alirudi kwa njia ya mikokoni, ileile waliyopita wezi wetu wa mwani, na yeye hakuwa na haja ya kujifunika uso kwa kuwa hakuna aliyetaka kumtazama.

Safaa alikuwa amekaa ndani ya kuta zake. Wanawe walikuwa wakicheza juu ya rundo la mchanga ambalo sasa lingebaki pale muda mrefu. Bi Zuweina alitua kiroba, akakaa juu ya tofali.

"Unikumbushe," alisema. "Wale ndugu wa mikarafuu, niliwagawia nini?"

"Mikarafuu."

"Na hawa?"

Safaa alijibu kwa sauti ya chini. Ni mtu mpole, na yule ni shangazi yake aliyempa kiwanja. "Hawa umewagawia sie, shangazi."

Baada ya hapo Bi Zuweina alijifungia. Walikuja watu kumwita kwenye ugomvi wa mume na mke huko Wambaa, akasema anaumwa. Walikuja wengine wa mpaka wa shamba, akasema bado anaumwa. Wanawake hawakumlaumu mdomoni. Walimwamkia kama kawaida, na wakishapita walinyamaza mpaka wafike mbali. Nilimwonea huruma, nakiri, ingawa kwa upande mwingine nilikuwa namkasirikia. Mtu aliyezoea kusikilizwa maisha yake yote angeweza siku moja kumsikiliza mgeni aliyeuliza bei.

Lililomzuia kuuvunja ule mpaka ni Fatiha. Bi Zuweina si mtu wa kusoma Fatiha asubuhi na kuivunja jioni. Ilipita bamvua nzima kabla hajakwenda kwa Shehe Abdulsamad kumuuliza kama kuna njia.

Shehe alimsikiliza mpaka mwisho. "Waliosoma Fatiha ile ni nani na nani?"

"Yule Fahd. Silvesta naye alinyanyua mikono, na dini yake nyingine. Mie. Na wazee."

"Na hawa wanawake?"

"Walikuwa jikoni, Shehe. Wakipakua."

"Kuna aliyewauliza?"

Bi Zuweina alitikisa kichwa.

"Basi hao hawakuahidi kitu," alisema Shehe. "Na weye uliahidi nini?"

"Niliahidi kuwapatanisha."

"Ushawapatanisha. Umemaliza kazi yako, Bi Zuweina. Nenda nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda nyumba kwa nyumba, juu na chini, na kila alipoingia alianza kwa kusema kwamba amekosea. Wanaomjua wanajua uzito wa neno hilo kwake. Kwa wanawake wa chini ilikuwa vigumu zaidi, maana wao hawakumzoea, lakini bei yao nayo ilikuwa imeanguka na hawakuhitaji maelezo marefu. Alichowaomba ni kimoja. Wavune, wafungue taitai, vile vikamba vya kufungia miche, wazitoe kamba za kampuni baharini, na zirudi kwa wenyewe. Kwa kuwa desturi ni kwamba mwani hufuata kamba, basi usiwe na kamba ya mtu ya kuifuata.

Swali lilikuwa wapande kwenye nini. Hapo ndipo vikongwe wetu walipopata msimu wao. Makumbi ya nazi yaliyofukiwa pwani yalifukuliwa, yakapondwa, na kamba za usumba zikaanza kusokotwa kwenye vibaraza ambavyo kwa miaka vilisokota umbea tu. Kamba za usumba huoza mapema, mikono huchubuka, na Safaa alilalamika kuliko wote huku akisokota kuliko wote. Walifunga miche, wakangoja ikomae.

Kule ghalani, bamvua ilipita bila viroba. Kamba za buluu zilirudishwa kwa Hudhaifa zimeoshwa na kukunjwa vizuri, za kijani kwa Ezekieli vilevile. Hudhaifa alizihesabu akifikiri ni hitilafu fulani itakayoisha. Mawakala hawa hulipwa kwa mzigo, si kwa mwezi, na kila mmoja alimuuliza mwenzake kwa simu kama kwake kuna kitu. Hakukuwa na kitu.

Mwani wa usumba ulipokomaa na kukauka, Bi Zuweina alipika halua. Alituma habari kwa Hudhaifa na kwa Ezekieli kwamba anawataka kibarazani kwake alasiri, wote wawili, na kwamba wakubwa wa Chake hawahitajiki. Walifika pamoja, wamevaa vizuri, na nafuu usoni. Hudhaifa aliona halua na kahawa, akatabasamu. Alijua mambo yanavyokwenda penye halua ya Bi Zuweina.

"Alhamdulillahi, Bi Zuweina," alisema. "Nlijua weye utatupatanisha na hawa wanawake."

"Kula kwanza."

Walikula. Safaa akatoka ndani na kiroba, akakitua juu ya mkeka, katikati yao. Nyuma ya ukuta wa nyumba kulikuwa na viroba vingine, vya juu na vya chini vimechanganywa, na wanawake wenyewe wamekaa juu yake. Safari hii hawakuwa jikoni.

"Huu mwani," alisema Bi Zuweina, "hauna kamba ya ntu. Sikwambieni umemea upande gani, na hautaandikwa upande. Sijakuiteni kukupatanisheni. Nimekuiteni kukugombanisheni."

Hudhaifa alidhani hakusikia vizuri. Ezekieli alisikia. Alikiinamia kiroba, akachukua kipande kimoja na kukivunja. Kililia kikavu.

"Bibi," aliuliza polepole, "siku ile nilikuuliza jambo ukasema haliulizwi kwenye suluhu."

"Hino si suluhu. Uliza."

Ezekieli alitaja bei. Haikuwa kubwa kama ya msimu ule wa kwanza, lakini ilikuwa juu ya ile ya wakubwa. Hudhaifa aliweka kikombe chini.

"Wewe, si tulielewana? Bosi wako anajua unasema nini?"

"Atajua ghala likijaa."

"Basi mie..." Hudhaifa alimtazama Bi Zuweina, akatazama kiroba, akafuta mdomo wake wenye halua. Akataja yake, juu ya ile.

Ezekieli akasema huo ni ukorofi. Hudhaifa akasema mkorofi ni aliyeanza. Walinyanyuka wote wawili, sauti zikapanda, mmoja ameshika kiroba pembe hii na mwingine ile. Jirani alisimama njiani akingoja, kama tulivyongoja sote, Bi Zuweina ainuke asimame baina yao na kunyoosha mkono.

Bi Zuweina alijimiminia kahawa, akasogeza mguu ili wasimkanyage, akanywa.